Vitunguu Vimeshaota, Mama?

Nyumbani
Machi 4

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula kwa wakati, na kwamba huko ofisini wanakuachia walau usingizi. Sisi huku hatujambo. Mama mzima, kuku wazima, na mimi nipo na aibu zangu zile zile. Wiki iliyopita mwalimu aliniita mbele nikasome shairi. Nikasoma kwa sauti ya mbu. Nilipomaliza, darasa likamwuliza mwalimu nitaanza lini.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi na kumpa kondakta wa basi wakati simu ipo. Nitafika hapo.

Kwanza hongera. Ile programu ya wakulima mliyoitengeneza upya imetufikia. Ya zamani ilikuwa na herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na jirani yetu Mama Pacha alikuwa anasema inaongea kama karani wa mahakama. Sasa inaongea kwa sauti yako! Mama alipoifungua ikamwuliza anapenda kuitwa nani: mjomba, shangazi, baba au mama. Akabonyeza mama. Ukasikika: "Shikamoo mama. Umeamkaje?" Mama akaweka ufagio chini, akaitika marahaba. Nikamwambia ni sauti iliyorekodiwa. Akasema, "Kwani salamu ikirekodiwa haiitikiwi?"

Kule mizanini, tunakopimia mazao, wanakuita binti yetu. Wanakwambia kila kitu: wana magunia mangapi, yako wapi, vitunguu vimekauka au bado. Hata kuota wanakwambia. Na wewe umekulia huku, unajua kuota ndiyo siri ya mkulima wa vitunguu. Kitunguu kikianza kutoa jani juu ya kichanja cha kukaushia hakingoji tena, na dalali akijua, umekwisha. Watu hawalitamki hilo hata kwa mashemeji. Lakini ukiuliza wewe, "Vimeshaota, mama?", kwa sauti ile uliyokuwa unanibembelezea nilipokuwa mdogo, nani atakunyima jibu?

Sasa hili. Miwani, yule dalali wa lori la bluu, siku hizi habishani bei. Anashuka, anakwenda moja kwa moja kwa mtu ambaye vitunguu vyake vimeota, anataja bei ya kutupa, kisha anakaa kwenye ngazi ya lori anachokonoa meno. Anakaa kama mtu aliyekwisha kuziona karata za wenzake. Kwa Mama Pacha hakukosea hata nyumba.

Ndiyo maana ya karatasi. Sasa hivi ninapoandika, simu nimeifunika na sufuria. Cheka tu.

Ni mimi mdogo wako.


Mjini
Machi 15

Mdogo wangu,

Marahaba, mwanakwetu. Mimi mzima, nashukuru, ila macho yanauma kwa kutazama kioo cha kompyuta. Nimecheka mpaka mhasibu wetu akaniuliza kama nina homa. Ifunue simu, maskini, na sufuria irudi jikoni. Programu ikifungwa haisikii kitu.

Kuhusu Miwani, yule ni mkongwe wa kazi yake, ana pua. Na pale mizanini, kabla ya programu, siri zilikuwa zinakaa siku ngapi? Midomo iko mingi, usiitafutie sababu kwenye simu.

Nina kazi yako. Tunairekebisha tena, na bosi anataka maoni ya watumiaji. Waulize wakulima wangependa tubadilishe nini. Usiwaulize kama polisi. Andika wanavyosema, kisha unitafsirie kwa ile lugha nyingine ya shule, maana bosi Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Nimekuchagua kwa sababu unasikiliza kuliko wote ninaowajua.

Msalimie Mama. Mwambie nampenda.

Dada yako.


Nyumbani
Aprili 2

Dada,

Shikamoo. Hali yako? Macho yamepoa? Sisi salama.

Kuuliza watu sikuweza. Nilikwenda mizanini nikajifanya nangoja kurudishiwa gunia tupu, watu wakaongea wenyewe. Tafsiri iko nyuma ya karatasi hii, lakini nataka usikie walivyosema hasa.

Mama Pacha: "Mwambie asiniamshe na salamu nzuri hivyo. Mume wangu mwenyewe hanisalimii namna ile. Nikizoea je?"

Mzee wa mizani: "Yeye ananiuliza, nami nataka nimwulize. Leo sokoni bei gani? Hapo anakuwa bubu."

Fundi wa pampu hakucheka. Alisema, "Mtu anayekuuliza kila siku una kiasi gani, na yeye hasemi ana nini, huyo si binti yenu. Huyo ni mpelelezi." Halafu wakakumbuka kwamba mimi nipo, wakaanza kuongea habari za mbolea. Nilitamani ardhi inimeze mimi na gunia langu.

Sasa naungama. Jumatatu Mama akiwa kisimani nilichukua simu. Ukaniuliza, "Vitunguu vimeshaota, mama? Bonyeza moja kama ndiyo, mbili kama hapana." Vyetu ni vikavu, ukivigonganisha vinalia kama kokoto. Nikabonyeza moja. Sikumwambia mtu, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kuniona.

Keshokutwa yake lori la bluu likasimama mlangoni kwetu. Miwani akashuka na uso wa msibani. "Pole mama, nasikia vimekuharibikia." Mama alichukua kitunguu kichanjani, akakipasua mbele yake. Cheupe mpaka moyoni, hata uzi wa kijani hakuna. Miwani akatazama kitunguu, akatazama simu yake, akatazama tena kitunguu.

"Basi nimeambiwa vibaya," akasema.

"Na nani?"

Akasema ana haraka.

Dada, ninapokujibu wewe, nani mwingine anasikia?

Mdogo wako.


Mjini
Aprili 27

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nisamehe kuchelewa, kazi imetukaba koo.

Maoni uliyoleta wameyapenda mno! Bosi aliyasoma mwenyewe mbele ya watu wote. Yalipangwa kwenye ubao kwa mafungu, na yale ya watu kutoiamini yakawekwa fungu la "Sauti". Kwa hiyo sauti itabadilishwa. Wanasema yangu imezoeleka mno, wanataka ya msichana mdogo zaidi, isiyo na ujuaji. Nikakutaja wewe. Walisikia ule ujumbe wa sauti ulionitumia siku yangu ya kuzaliwa, wakasema ndiyo hiyo hiyo.

Najua aibu zako. Lakini chumba cha kurekodia hakina watu, ni wewe na ukuta. Ukifunga shule utakuja, utalala kwangu, tutatembea.

Hilo la Miwani tutaliongea ukija. Na usiwe unajaribu mitambo ya watu.

Dada yako.


Nyumbani
Mei 5

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima kwa mwili. Kwingine si wazima.

Mama na Mama Pacha hawasemezani. Baada ya Miwani kuondoka siku ile, Mama alifikiri weee, akamaliza kwamba aliyemdanganya dalali ni Mama Pacha, kwa kijicho. Wakarushiana maneno juu ya ua. "Mdomo wako hauna mlango!" "Wako una mlango gani, hata fremu hauna!" Mimi nilikuwa katikati na ungo wa mchele, najua mwenye kosa ni nani. Niliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Pacha wa jirani walipokuja kuchota maji kwetu, Mama akawaambia ndoo imetoboka. Watoto wale wakaitazama ndoo, wakanitazama mimi.

Nilimwambia Mama siku ya tatu, nikiwa nimempa mgongo, maana usoni nisingeweza. Hakunipiga, wala hakwenda kupatana na Mama Pacha. Aliuliza, "Ulimwambia dada yako peke yake?"

"Ndiyo."

"Na Miwani akajua."

Akarudi kugeuza vitunguu. Alivigeuza kimoja kimoja, akikitazama kila kimoja chini, kama anayetafuta jina la mtu.

Kuja kurekodi naogopa, na safari hii si aibu tu. Nimesoma yale masharti mnayotaka tuyakubali kabla ya kufungua. Yote yako katika ile lugha nyingine, na nadhani pale mizanini ni mimi tu ninayeweza kuyasoma mpaka chini. Yanasema mnaweza kuwapa "washirika" habari zetu. Barua yako ilikuwa ndefu na nzuri, na swali langu halimo.

Miwani ni mshirika wenu? Jibu kama unavyotutaka sisi tujibu. Moja kama ndiyo, mbili kama hapana.

Mdogo wako.


Mjini
Mei 23

Mdogo wangu,

Moja.

Sikuuliza hali kwanza, unisamehe. Nikianza na salamu nitazungukazunguka tena.

Programu ni ya bure kwenu kwa sababu madalali wanalipia kuitazama. Mwanzoni waliona eneo tu, kwamba upande fulani kuna vitunguu. Hilo nililikubali na mpaka leo nalitetea. Dalali akijua aende wapi, mazao hayaozi. Kisha ikaja amri ya kukusanya maoni ya watumiaji. Mimi nilipewa wakulima. Mwenzangu wa meza ya pili alipewa madalali, kwa sababu nao ni watumiaji, na aliwauliza mapema, kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Miwani alijibu kila swali. Aliomba aone jina, aone nyumba, na vitunguu vilivyoota viwekewe alama nyekundu. Maombi yake yalitekelezwa wiki ile ile. Ya Mama Pacha yamebandikwa ukutani, wageni wakija wanayasoma na kucheka.

Niliporekodi yale maswali sikuijua alama nyekundu. Baadaye niliijua. Nikamaliza chai yangu, nikaendelea na kazi. Sina namna nzuri zaidi ya kulieleza.

Nakuomba kitu kimoja. Usiseme mizanini mpaka mwezi wa nane. Ndipo wanaamua nani anabaki kazini. Nikibaki nitaipigania ile alama itoke, nikiwa ndani. Nikifukuzwa ataitoa nani? Nimehangaika sana kufika hapa, na wewe unajua. Mimi ni dada yako.

Dada.


Nyumbani
Juni 18

Dada,

Shikamoo. Naomba Mungu uwe mzima.

Barua yako niliisoma mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Sikumsomea mtu. Lakini mwezi wa nane ni mbali, na kitunguu hakijui kalenda ya ofisi.

Nilikwenda kwa Mama Pacha kumwomba radhi. Nilisimama mlangoni mpaka akauliza kama nimetumwa au nimepooza. Nikamweleza niliyoyafanya na simu. Halafu nikasema, "Sauti ikikuuliza kama vimeota, mwambie bado."

Akanitazama. "Na magunia?"

"Punguza."

Hakuuliza kwa nini, akajifunga kanga na kutoka. Kufika jioni hakuna nyumba ambayo haijui. Siku hizi asubuhi ni vichekesho: mtaa mzima unakuitikia marahaba, kisha unakudanganya. Kwa hesabu za ofisi yenu, huku hakuna kitunguu kilichoota. Miwani amerudi kubishana. Anapanda vichanja mwenyewe, jasho linamtoka, anapasua kimoja kimoja kama zamani. Tumeuza kwa bei ya watu. Mama na Mama Pacha wamepatana, kazi yao sasa ni kunisema mimi. Kama hilo litakufukuzisha kazi, nimelifanya mimi, na nimelia. Kurekodi sitakuja.

Nilidhani yameisha hapo.

Jumapili ulipiga, wewe mwenyewe. "Shikamoo mama, umeamkaje?" Mama akaitika. Ukamwuliza afya, akasema mzima kama chuma. Anakula? Anakula. Vitunguu? Bado vichanga.

Dada, vitunguu tulikwisha kuuza. Na Mama alikuwa amelala kwenye mkeka. Aliteleza kwenye ngazi ya kichanja siku ya Alhamisi, na tangu hapo hajasimama. Mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni.

Ulipokata nikamwambia, "Mama, huyo alikuwa dada, si programu."

"Nimemjua. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Sasa mbona humwambii?"

Akajigeuza polepole kuelekea ukutani, ameshika kiuno. "Nimwambie, halafu ayapeleke kwa nani?"

Daktari wa zahanati anataka apelekwe hospitali kubwa akapigwe picha. Mama anasema atapona tu. Ningeweza kukwambia siku ile ile. Simu iliporudi sikioni mwangu uliniuliza, "Kweli Mama mzima?" Nami nikasema ndiyo. Lilinitoka tu, bila kufikiri, kama wanavyojibu wote huku.

Kwa hiyo usipige. Panda basi uje.

Mdogo wako.