Skii zako nimezipiga pasi mimi

Kaka Godson,

Mama Nancy wa chini anadai asubuhi ameona moshi dirishani kwetu, halafu akaniona napiga pasi mbao za kutelezea kwenye theluji huku naimba. Kuimba ni kweli. Moshi ni wako! Uliilaza pasi ya kuyeyushia nta juu ya skii, ukaenda kubishana kwenye simu. Nimeiwahi, haijaungua.

Ulinikataza kugusa. Nimegusa, maana safari ni kesho, na miaka miwili nakutazama tu. Nimepunguza moto, nikapitisha pasi polepole bila kuisimamisha. Wewe huwa unakwangua nta ikiwa bado ya moto, inatoka yote, halafu unarudi kulalamika kwamba wenzako wa kazini wamekupita mlimani.

Kwa hiyo ziko kibarazani, zinapoa. ~~Zikwangue saa kumi.~~ Hapana, usiziguse kabisa, nitazikwangua nikitoka saluni. Pasi hiyo usinyooshee shati la kanisani. Ya nguo iko juu ya kabati. Kuku yuko kwenye sufuria, mapaja ni ya wifi.

Utaona jozi ni mbili. Ya pili ni ya wifi. Ameniambia wikiendi hii ana zamu hospitali, haendi Skotlandi, na nafasi yake kwenye gari iko wazi. Viatu vyake nimevijaribu, vinanienea nikivaa soksi mbili. Kuanguka najua nitaanguka, sitalia.

Kaka, utanichukua?

Mdogo wako