Mapera Chini ya Kioo

Malmö, Uswidi
10 Januari 1991

Mpendwa dada Kavata,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Hujambo? Watoto je? Cherehani yako bado iko pale barazani kando ya duka la baba yangu? Sisi wazima. Dubow anakusalimia, amepata kazi ya kuondoa theluji barabarani.

Mimi pia nimepata kazi, na najua utacheka. Kuna mama mzee, Ingrid, ana nyumba ya vioo, kuta vioo, paa vioo, na ndani hakai mtu. Inakaa miti! Milimau, mikomamanga, yote kwenye mapipa. Nje theluji inafika magotini, ndani kuna hita na unatoka jasho. Siku ya kwanza nilikuwa nafagia majani, nikasikia harufu. Nikageuka. Mpera, Kavata! Mfupi, unanifika kifuani. Nikasugua jani moja mkononi, nikalia mpaka Ingrid akaniletea kiti.

Lakini hauzai. Unaota majani tu, mwaka baada ya mwaka. Muulize mama, maana ndiye aliyelea ile mipera ya nyuma ya duka: tufanyeje? Msomee pole pole, baba asisikie. Tangu niolewe na Dubow bila idhini yake najua hataki hata jina langu litajwe.

Kuja siwezi. Nikitoka kabla ya kupata karatasi za kukaa, sitaruhusiwa kurudi kwa Dubow.

Dada yako,
Abshiro

Kwa Vonza
Kitui, Kenya
24 Februari 1991

Mpendwa dada Abshiro,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo, isipokuwa jua. Mvua ilituonjesha tu ikaenda zake. Watoto wanakua, na kila mmoja anataka viatu vya mwenzake.

Mama yako Mumina alijifanya amekuja kupimwa nguo. Nikamzungushia tepu kiunoni huku namsomea. Ile ya theluji magotini alinirudisha mara mbili. "Anavaa nini miguuni?" Nikamwambia hujaandika. Tafadhali andika.

Kuhusu mpera alisema hivi: "Mwambie huyo mama anaudekeza mti. Mpera ukishiba maji unasahau kuzaa. Aunyime maji mpaka majani yajikunje, akate ncha za matawi, halafu ndio aunyweshe." Mimi nikamwambia, hapa kwetu Mungu anatufanyia hivyo bila kuombwa. Akacheka mpaka tepu ikaanguka.

Dada yako,
Kavata

Malmö
18 Agosti 1991

Mpendwa dada Kavata,

Habari za siku nyingi? Mwambie mama navaa viatu vya mpira na soksi za sufu, mbili mbili.

Ingrid aliogopa, lakini alikubali. Tuliunyima maji. Majani yakapukutika, nikaona aibu, nikajua tumeua mti wa watu. Kisha tukaunywesha, ukachipua, na mwezi wa sita ukatoa maua meupe. Humu ndani nyuki ni wachache, kwa hiyo Ingrid alinipa brashi ndogo ya rangi. Nikawa nagusa ua hili, naenda lile. Nimekuwa nyuki, dada! Sasa kuna mapera saba, mabichi, kila moja kama kidole gumba.

Lakini barua yako ya pili, ile ya mwezi wa tano, haikusema lolote juu ya mama. Kwa nini?

Dada yako,
Abshiro

Kwa Vonza
3 Novemba 1991

Mpendwa dada Abshiro,

Natumaini hamjambo. Sisi tunaendelea hivyo hivyo.

Sikutaka kukuficha, mama ndiye alinikataza. Ana kikohozi kisichokwisha. Amelazwa Kitui, ametoka, na amekonda. Nguo zake nimezipunguza mimi mwenyewe.

Na kuna jambo lingine. Nilikuwa namsomea habari za brashi, baba yako, mzee Hirsi, akasimama mlangoni. Nikaficha barua chini ya kitambaa. Akasema, "Soma." Nikasoma yote, kuanzia salamu. Kisha akauliza, "Hivyo vioo, mvua ya mawe ikinyesha havivunjiki?" Nikamwambia sijui, mzee.

"Basi muulize Abshiro."

Ndivyo alivyosema. Mama alifunika uso kwa shungi.

Dada yako,
Kavata

Malmö
2 Machi 1992

Mpendwa dada Kavata,

Mko salama? Mwambie baba ndiyo, vinavunjika. Theluji ililemea paa, upande mmoja ukaporomoka. Tulibeba mapipa mimi na Dubow mpaka jikoni kwa Ingrid, na mkomamanga mmoja ukatufia. Mpera ulipona. Mapera yakaiva pale kando ya jiko, nyumba nzima ikanukia. Nilikula moja, na maganda yake. Lilikuwa dogo, chachu kidogo.

Karatasi zimetoka, Kavata! Natoka huku wiki ya mwisho ya mwezi huu. Jumamosi tarehe 28 nitashuka hapo stendi. Mwambie mama nitalala kando yake kama zamani, na Idi itanikuta nyumbani.

Dada yako,
Abshiro

Kwa Vonza
27 Machi 1992

Mpendwa dada Abshiro,

Nakusalimu.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilimsomea mama kitandani. Alitaka shuka zibadilishwe siku hiyo hiyo, akasogea ukutani kukuachia nafasi. Jumatano alfajiri akatutoka. Alizikwa kabla ya jioni, na mzee mwenyewe aliingia kaburini kumpokea.

Jana nilienda posta Kitui, nikapiga ile namba ya Ingrid uliyonipa. Akajibu mama mzee kwa lugha nisiyoijua. Nikasema, "Abshiro." Akasema, "Abshiro, Kenya! Kenya!" kwa furaha, kama mtu anayekupa habari njema. Nikaweka simu chini.

Kwa hiyo uko njiani, na barua hii sitaitia posta. Naiandika kwa sababu nimejaribu kuyasema kwa mdomo, hapa peke yangu, nimeshindwa.

Mzee Hirsi amekuja sasa hivi. Ameuliza, "Kesho utamwambia wewe, au mimi?"

Nimesema mimi.

"Haya. Twende sote. Wewe utasema, mimi nitamshika."

Dada yako,
Kavata