Kikopo cha Sukari, Kisumu Ndogo

Mama,

Mko aje huko? Kibera imenyeshewa usiku kucha, na asubuhi tumeruka matope hadi kibanda cha Mama Akinyi, mahali Baba hunywa chai kabla ya kazi.

Ulinituma niangalie kama anafuata maneno ya daktari ama anatudanganya tu kwa simu, na ugonjwa wa sukari vile ulivyomwangusha mwaka jana. Basi nikaketi kimya, nikitazama. Tulipokaa tu, fundi mmoja wa viatu aliinua kikopo cha sukari mezani kwetu, akampa jirani, naye akampa mwingine, hadi kikafika mlangoni. Baba akajifanya hajaona.

Akaletewa chai ya rangi na nduma, yale magimbi ya kuchemsha, bila kuagiza. Nilipoinama kupangusa matope kwa viatu, nikamsikia akinong'ona, "Mama Akinyi, leo niko na mgeni. Kijiko kimoja tu."

"Basi nitamwekea mgeni. Wewe mzee kunywa, unachelewa kazi."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi nilicheka hadi machozi, Mama, maana ile hofu nimeibeba tangu nyumbani. Baba hatudanganyi. Hata akitaka, hawa watu hawatamwacha.

Kwa hivyo leo ulale usingizi, na uwasalimie watoto. Baba amenuna njia nzima, anasema lazima ni wewe uliyewapigia simu watu wa kibanda. Nimemwacha aamini hivyo.

Wako,
Nekesa