Nilikwenda kumtoa kwenye darasa la sanaa

Kiranja, nimetoka shuleni kwa binti yangu sasa hivi. Nimefedheheka, na sina mwingine wa kumweleza.

Amechagua sanaa ya ngazi ya juu. Sanaa, Kiranja. Mtoto ambaye hajaisoma hata muhula mmoja. Nilikwenda kumtoa arudi kwenye fizikia.

Mwalimu wa sanaa akasema ambaye hakusoma somo hilo awali hupewa jaribio: amchore mtu aliye hai, papo hapo. Akanigeukia. "Mzee, umefika wakati mzuri. Kaa kwenye stuli."

Ningekataa, jaribio lingekufa. Lakini sisi tulilelewa bwenini, chini ya ukiranja wako: mtihani wa mtu hauvurugwi. Nikakaa wima kama niko gwarideni, darasa zima likinikagua kama mbuzi wa mnada.

"Baba, usikaze taya," binti akaniamuru huku akichora. Mimi.

Alipomaliza, mwalimu akaitazama picha kwa muda mrefu. "Mzee, huwa umekasirika hivi siku zote?"

Binti akajibu bila kuinua kichwa: "Hapo amefurahi, mwalimu."

Hapo amefurahi. Mbele ya watu. Wakacheka mpaka wakashika meza.

Nikanyanyuka kuitafuta kasoro, na niliitafuta kwa dhati. Pua ni yangu. Kipara ni changu, hakikuhurumiwa hata kidogo.

Mwalimu akaniuliza kama nina pingamizi. Kusema uongo siwezi, unanijua. Nikasema, "Imefanana."

Amepokelewa. Nami nimeombwa nirudi Alhamisi, kwa kuwa wenzake nao wanahitaji uso wenye mikunjo ya kutosha.