Siku Saba za Mama

Sarcelles, Ufaransa
Jumapili, 19 Aprili 2020

Mpendwa Mjomba Messod,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia huko Ashdod nako mmefungiwa ndani, na Pasaka mmeila wewe na Bi Aliza peke yenu, mkitazamana kama wachumba. Sisi hatujambo, mimi na Mama, kikohozi kimetuacha. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu, maana posta imelala, na mimi na wewe tukiongea tunaishia kulia.

Habari za mazishi ya Baba unazijua nusu. Jumatatu ile tuliruhusiwa wachache. Mimi na kaka Gabi tulisimama mbali na jeneza, dua ikasomwa upesi, basi. Mama hakuja kwa sababu naye alikuwa anaumwa. Mara ya mwisho alimwona mumewe akishushwa ngazi na watu wa gari la wagonjwa, akampigia kelele asisahau sweta.

Tuliporudi tulifunika vioo, Mama akakaa chini, mlango tukauegesha tu ili mfariji aingie bila kubisha. Aingie nani? Amri ni kila mtu kwake. Jumatano jioni Pasaka ikaingia, na unajua kwetu Wayahudi sikukuu ikiingia matanga huvunjwa, hata kama siku saba hazijatimia. Ikabidi Mama ainuke, avae, akae mezani.

"Hata siku zangu saba nimenyimwa," alisema.

Sinia la Pasaka, ambalo kila aliye mezani huzungushiwa kichwani, nililizungusha juu ya kichwa chake, yeye akalizungusha juu ya changu, tukawa tumemaliza watu. Gabi alikuwa kwake na wanawe.

Tangu siku hiyo Mama hakula. Alimega kidogo ili kunidanganya, kingine akakificha kwenye leso. Niliogopa, Mjomba, sikufichi. Nilishaona tutamzika na yeye.

Alhamisi hii jioni, baada ya siku nane, Pasaka ikaisha, ukawa usiku wa Mimuna. Unakumbuka kwetu Meknes, Moroko, milango wazi mtaa mzima. Hapa nako Baba hakuiacha desturi hiyo, watu wa ghorofa zote walipita kwetu kula mufleta, chapati zetu za siagi na asali. Mwaka huu tuna msiba, hatupiki vitamu, na hata tungetaka, unga umeadimika madukani. Nikajua tutalala mapema. Mara nikasikia baridi miguuni. Mama kaufungua mlango wazi kabisa, kaweka kigoda kizingitini, kakaa.

"Mama, funga! Ugonjwa huo!"

"Ugonjwa umeshaingia, umechukua ulichokitaka. Niache."

Nikaufunga. Akaufungua. Nikaufunga tena.

"Perla, mlango huu niliufungua mimi kabla wewe hujazaliwa. Ukiugusa tena utalala nje yake."

Unamjua dada yako. Nikauacha.

Bi Zohra wa ghorofa ya juu, jirani yetu wa kutoka Oujda, Moroko hiyohiyo, alisikia ugomvi. Akashuka na barakoa yake na sahani, akaiweka sakafuni, akarudi nyuma akakaa kwenye ngazi. Zilikuwa mufleta. Kapika kwa unga wake wa mwisho, aliokuwa amejiwekea kwa ajili ya Ramadhani. Hilo nimelijua baadaye.

Mama akainua moja, akaitazama.

"Zohra, hizi mufleta au magodoro?"

"Kula, bibi wee! Aliyenifundisha si wewe?"

Halafu Bi Zohra akaanza kumsema Baba. Kwamba alikwenda kumtengenezea bomba, akaigharikisha nyumba, kisha akalilaumu bomba. "Shimon alikuwa fundi wa kuharibu, Mungu amrehemu," alisema. "Lakini ukiita, wa kwanza kuja ni yeye." Majirani wengine wakatoka, wakakaa ngazini wakiachiana nafasi, kila mmoja na kisa chake. Mama akacheka, akalia. Akala godoro zima.

Ijumaa wakakaa tena, na jana pia. Najua rabi atasema matanga yaliyovunjwa hayaungwi. Asiambiwe.

Jana walipoondoka nilimwomba tufunge mlango, usiku una baridi na wafariji wamekwisha. Akasema, "Bado mmoja." Nikamuuliza nani.

"Messod. Mdogo wangu hajaja."

Nikamwambia ndege haziruki. Akasema sauti yako haihitaji ndege.

Mjomba, siku ya msiba ulinipigia mimi, ukalia, ukakata. Yeye hujampigia. Halafu ikaja sikukuu, nayo ikakupa kisingizio. Sasa imekwisha. Gabi ananiambia eti huna maneno. Bi Zohra naye hakuwa na maneno, alikuja na bomba lake. Wewe ulikua na Baba mtaa mmoja, ukacheza naye karata, akakuibia ukapigana naye. Mwambie dada yako hilo. Kwake litatosha.

Nisalimie Bi Aliza, Ilan na Orit na wadogo wao. Gabi na wanawe wanakusalimu, na Bi Zohra pia, ingawa hamjuani. Mungu akupe umri mrefu na magoti ya kukufikisha.

Mlango bado uko wazi ninapoandika, na Mama yuko kwenye kigoda, simu mapajani.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, ninayelala na koti mpaka upige,

Perla