Tangu Mama Anyamaze

Jumanne, 4 Juni
Kichwa kimoja kimekula asubuhi nzima! Mama na soga zake. Anasuka mstari mmoja, anaweka chanuo chini, anauliza habari za wifi wa mteja. Na hawezi kusimulia bila mikono, basi nywele zinasubiri! Mimi nimeshaosha, nimeseti, nimefagia saluni nzima. Wateja wawili wakachoka kukaa benchi, wakaondoka. Nikamwambia mbele za watu — Mama, kazi yetu ni ya mikono, si ya mdomo. Mteja akacheka. Mama hakucheka.

Alhamisi, 6 Juni
Mama kimya. Anasalimia, anauliza mtindo gani, basi. Mikono inakwenda kama cherehani. Kumbe anaweza! Mchana benchi likawa tupu. Nimefurahi, sifichi.

Jumamosi, 8 Juni
Hata redio habishani nayo tena. Jioni nikamchokoza: fundi cherehani wa jirani amevaa blauzi nje-ndani, siku nzima anapima wateja hivyo hivyo! Zamani hiyo ingetufikisha mpaka kufunga duka. Akasema “aha”, akaendelea kukunja taulo.
Nikaomba msamaha. Eti huna kosa, mwanangu, kweli nilikuwa nakuchelewesha. Afadhali angenigombeza. Roho inaniuma.

Jumatatu, 10 Juni
Mwalimu mstaafu, mteja wa Mama wa siku nyingi, alisukwa upesi kuliko siku zote. Mlangoni akanivuta pembeni: mama yako anaumwa? Nikadanganya — jino linamsumbua. Aibu gani hii!
Mchana nikajitia kuongea mimi. Nikamuuliza dada mmoja watoto hawajambo? Hana watoto. Ametafuta miaka na miaka, Mama analijua hilo. Loh! Natamani ardhi ipasuke. Zamani Mama angedakia, angegeuza maneno mpaka mtu acheke. Leo aliinamisha macho tu, akasuka.

Jumatano, 12 Juni
Naandika stoo, nimesimama.
Muuza vitambaa amekuja, kavaa nyeusi tupu. Hatukumwona tangu mumewe alazwe. Akakaa kiti cha Mama, akasema nioshe tu, shoga yangu. Mama akamfunga taulo, akafungua maji. Akayafunga. Akanifuata hadi kwenye draya, mikono inachuruzika, akaninong'oneza: huyu amefiwa na mumewe. Naona wateja wamejaa. Kuna nafasi nimpe pole, au nimwoshe tu?
Si kejeli. Mama akinipiga kijembe namjua. Aliniuliza kweli, kama mtu anayeomba ruhusa kwa bosi.
Mimi mwanawe!
Nikasema ngoja nilete taulo, nikakimbilia huku. Taulo ninazo mkononi. Machozi hayakatiki, na nikitoka hivi watu watasemaje? Mlango uko wazi kidogo, nawaona. Muuza vitambaa amelaza kichwa kwenye beseni, macho amefumba. Mama amesimama nyuma yake, hajagusa maji. Anaangalia huku. Ananisubiri niseme.