Arobaini na Saba

Jumatatu, 2 Januari 2017

Waraka wa ofisi: kila mwandishi aandike alama za kompyuta yake, isije ikaibwa au kupotea. Rangi, mikwaruzo, nambari iliyobandikwa chini. Zilinunuliwa sitini kwa mpigo. Nambari zinatofautiana kwa tarakimu mbili za mwisho tu. Yangu: kijivu, bawaba ya kushoto imelegea, mwisho ৪৭.

Mume wangu Mokhles kachungulia. Eti niandike kwa tarakimu za Kiingereza kama zilivyobandikwa, maana nne yetu inafanana na nane yao, na saba yetu na tisa yao. Nimeandika makala tatu kutetea tarakimu za Kibangla, halafu nijisaliti ndani ya shajara yangu mwenyewe?

Jumapili, 12 Februari

Imeibwa! Kwenye maonyesho ya vitabu, kibandani kwa mchapishaji wangu. Niliweka mkoba wa kompyuta chini nimkaripie vizuri — nambari za kurasa kazichapa kwa Kiingereza. Kugeuka, mkoba haupo. Insha kumi na moja, jasho la miaka miwili. Sina nakala.

Kituoni nilimkuta Afisa Delwar, kijana mpole, na fomu yake ya Kiingereza. Nikampa nambari kwenye karatasi. Akaomba nimtajie kwa mdomo, asije akakosea. Nikamwambia asome, ni lugha yake, watu walipigwa risasi mwaka 1952 wakiidai itambuliwe. Foleni nzima ilisikiliza. Akainama, akanakili. Nilitoka kifua mbele.

Jumamosi, 18 Februari

Imepatikana! Kwa fundi wa kompyuta aitwaye Kuddus, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Ndani tupu — kafuta insha zangu! Delwar aliigeuza, akaweka fomu kando yake. Nambari zilifanana. Sikusoma, nilitazama. Bawaba ilikuwa imara. Nikajiambia huyu ni fundi, ameikaza.

Kuddus alidai aliuziwa na mpiga picha wa gazeti letu aliyestaafu. Jina halikumbuki, mzee mwenye upara, anakohoa. Nikasema wezi wote huuziwa na watu wasio na majina. Polisi wakacheka. Yeye hakucheka.

“Dada, mimi husoma makala zako,” alisema. “Uliandika mtu asifungwe kabla hajasikilizwa.”

Nikatia saini kwamba ni yangu, wakamtia ndani.

Jumapili, 19 Februari

Makala yangu imetoka: “Fundi au Mwizi?” Nimetaja soko lilipo duka lake. Nimetaja jina lake. Simu za pongezi tangu asubuhi.

Mchana karani wa ofisi kanipigia, anataka nambari ya iliyopatikana. Nikafungua ukurasa wa kwanza wa shajara hii. Arobaini na saba. Nikatoa mkobani nakala ya fomu ya polisi. Themanini na tisa.

Nimesoma tena. Na tena.

Mzee mwenye upara, anakohoa — ni Alamgir! Kadi yake ya kuagwa niliiandika mimi, beti nne nzima. Nimempigia. Ndiyo, ofisi ilimuuzia kompyuta yake alipostaafu, naye akamuuzia Kuddus. Kaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema basi tu.

Mokhles hakusema “nilikuambia”. Angesema, ningepata wa kupigana naye. Kanimenyea chungwa, kaondoka.

Jumatatu, 20 Februari

Benchi la kituoni. Delwar yuko kikaoni. Kesho ni Siku ya Lugha, natakiwa jukwaani kuwahutubia wanafunzi juu ya heshima ya lugha.

Barua ya kukiri kosa ninayo. Nambari nimeiandika kwa maneno safari hii. Nimeichana mara mbili: ya kwanza ilimlaumu Delwar, ya pili ililaumu fomu.

Kando yangu ameketi mwanamke na kopo la wali na samaki wadogo. Polisi wamekataa kulipokea. Ni mke wa Kuddus. Amenieleza bila kuulizwa: tangu makala ya jana mwenye jengo amelifunga duka lao kwa kufuli lake. Hana matusi. Anasema tu kwamba huyo mwandishi anajua sana kuandika, mpaka yeye mwenyewe, alipofika katikati, akaanza kumshuku mumewe.

Kanimiminia bisi za mchele kiganjani. Nimezila.

“Na wewe, dada, una nani wako humo ndani?”

Nimetoa shajara nionekane nina kazi. Bado anasubiri jibu.

Delwar ametokea mlangoni. Anaita: “Dada wa kompyuta!”

Mwanamke ameacha kutafuna. Anaitazama kalamu yangu.